Shajara ya kichaka cha Gede: biashara tano, ekari 22 na sange wa kiuno cha dhahabu

Naiandika hii manake watu wa Kakuyuni, wa Jimba na hata jamaa mmoja wa Witu kule Lamu wameshaniuliza tulifanyaje, na kwa simu kila mtu namwambia nusu nusu. Bas yote itakuwa hapa, naongeza kila hatua ikiisha, na bei naweka vile ilivyokuwa. Sisi ni biashara tano ndogo: gesti ya kwangu na mke wangu, duka la spea za tuktuk, mkahawa, karakana ya useremala na jamaa wa maji ya boza. Tumekodi kichaka cha familia moja, ekari 22, kiko baina ya Gede na Mida hapa kaunti ya Kilifi, kisikatwe ploti wala kisichimbwe mawe.

Kichaka chenyewe kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, udongo ni kidogo, mahindi hayashiki, ndo maana kilibaki mpaka leo. Ila zamani huo mwamba ulikuwa unakilinda na saa hii ndio unakimaliza, manake mji unajengwa na kila mtu anataka mawe ya kukata. Machimbo yakianza hapo pembeni, mwaka mmoja tu unaona shimo jeupe na hakuna cha kurudi.

Ndani yake kuna sange, yule mnyama mdogo wa kwetu, mwenye pua ndefu na kiuno cha nyuma rangi ya dhahabu. Kwa sayansi anaitwa Rhynchocyon chrysopygus na yuko kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kupotea. Dunia nzima anapatikana pwani ya Kenya pekee. Wengi wako Arabuko-Sokoke, ule msitu wa kilomita mraba kama 420, wengine wako ndani ya msitu wa magofu ya Gede, wengine Dakatcha kule nyuma ya Marafa, na kwa ndugu zetu wa Lamu, msitu wa Boni una wale waliotangazwa mwaka 2018 kuwa jamii ndogo ya peke yao, wakapewa jina mandelai. Mtoto wa Gede anaweza kuwa anamuona sange kila siku akienda shule akadhani wako kila mahali, kumbe ukivuka tu mpaka wa kaunti mbili tatu hamna.

Februari 2023: Kukubaliana bei

Tulianza kwa kuuliza familia wanapata nini kwenye kichaka. Kuni, fito za kujengea, dawa za miti, na saa zingine kuuza mkaa kimya kimya. Halafu kulikuwa na dalali anataka kupima ploti za hamsini kwa mia, na mwenye machimbo anaahidi kulipa kwa lori. Sasa ukienda na maneno ya kuhifadhi mazingira mbele ya mtu mwenye ada ya shule na amewekewa pesa ya lori mezani, utasikilizwa kwa heshima, utapewa na chai, alafu kichaka kitachimbwa.

Kwa hivyo tukaweka pesa ambayo haikatiki. Elfu 12 kwa ekari kwa mwaka, jumla 264,000, ila tunalipa kila mwezi 22,000, kila biashara 4,400. Kwa jumla ya mkupuo mmoja machimbo yanalipa zaidi, hilo hatukuficha. Lakini mzee wa familia mwenyewe alitupigia hesabu mbele ya wanawe, akasema mawe yanauzwa mara moja na hii inakuja kila mwezi, na ardhi bado ni yao.

Machi 2023: Mkataba wa kwanza haukusimama

Hapa ndo pakubwa, msome pole pole.

Tulienda kwa wakili na mzee, tukaandika mkataba wa miaka 15, wakili akaomba kuona taito. Taito ipo, safi, imefungwa kwenye plastiki, lakini jina ni la marehemu baba yake aliyefariki zamani na mirathi haikufanywa kamwe. Yani kisheria mzee alikuwa hana uwezo wa kutukodisha hata ekari moja. Pwani nzima imejaa hii shida. Mashamba yanarithiwa kwa mdomo vizazi viwili vitatu na makaratasi yanabaki kwa wafu.

Tukasimama. Kikaitwa kikao cha familia yote chini ya mwembe na hapo ndo tukajua kuna warithi saba, si watano, kuna dada wawili walioolewa, mmoja Mtondia mmoja Magarini, na hakuna aliyewaambia chochote. Dada mkubwa alikuja na maneno makali na alikuwa na haki yake. Sheria ya urithi ya Kenya haibagui mtoto wa kike aliyeolewa. Alisema, "Nyinyi mwakodisha pahali pa baba yangu na mimi nasikia kwa watu wa sokoni?" Ilibidi tumuombe radhi sote, na wakubwa wa familia wakamuomba yeye kwanza kabla ya kuendelea na lingine lolote.

Hatua zikawa hivi: barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, ombi kortini, tangazo kwenye gazeti la serikali na siku 30 za mtu yeyote kupinga, halafu ukishapewa hati ya usimamizi kuna miezi sita kabla ya kuthibitishwa. Hakuna njia ya mkato, na ukiambiwa ipo ujue unauziwa kesi. Wakili 85,000, tukalipa sisi kama kikundi, familia ikakubali tuikate kidogo kidogo kwenye kodi.

Sasa katikati hapo kichaka kitalindwa na nini? Tuliandika makubaliano ya muda, ukurasa mmoja tu, warithi wote saba wameweka sahihi mbele ya chifu, kwamba tutalipa kila mwezi na wao hawatachimba wala kuuza mpaka mirathi iishe. Kisheria hiyo karatasi haina nguvu nyingi. Ila ilisimama, na ilisimama kwa sababu ya jambo lifuatalo.

Juni 2023: Pesa iende kwa nani

Miezi ya mwanzo tulituma yote 22,000 kwa mzee agawe. Hakuiba hata shilingi, nataka hilo lijulikane. Lakini yeye ndo anauguza mkewe, ndo anaitwa kwenye matanga yote, pesa ikifika inapata shughuli kabla ya kufika Magarini. Maneno yakaanza, na kijana mmoja wa familia akamleta mwenye machimbo tena, safari hii usiku.

Tukabadilisha. Kila mrithi anapata fungu lake moja kwa moja kwa M-Pesa tarehe 5, mzee anapata nyongeza kidogo ya uangalizi ambayo wenyewe walimpitishia kwenye kikao, na ujumbe wa malipo yote unatumwa kwa kikundi cha familia kila mtu aone. Gharama ya kutuma inaongezeka lakini ni ndogo. Tangu hapo dada yule wa Magarini ndiye mlinzi wetu mkali kuliko wote, akisikia msumeno anapiga simu kabla sisi hatujajua. Kama utachukua kitu kimoja kwenye shajara hii chukua hicho, lipa kila mrithi mkononi mwake na lipa tarehe ileile, manake mwezi ambao malipo yamechelewa ndio mwezi miti inaanguka.

Septemba 2023: Sarveya na bikoni

Ilienda vizuri. Sarveya 70,000 na vibarua. Bikoni mbili, yale mawe ya mpaka, zilikuwa zimepotea, zikarudishwa kwa kukubaliana na majirani wakiwepo wenyewe. Tulitaka kuzungusha seng'enge, bei ikatutisha, na baadaye tulishukuru kwamba hatukuwa na hiyo pesa, manake seng'enge inaibwa ikawa mitego. Tulipaka rangi nyeupe kwenye mawe ya mpaka tukaweka vibao vinne, bas.

Desemba 2023: Mvua kubwa na mikilifi

Mvua za El Niño zilishuka kama mnavyokumbuka, barabara ya Garsen ikakatika, na kwetu kichaka kikalewa maji. Kila pahali pakaota miche ya mkilifi, huo mwarobaini. Sote twaupenda mkilifi, ni dawa, ni kivuli, lakini si mti wa hapa, na ukiingia msituni hautoki. Ndege na kima wanakula tunda wanatema mbegu, mche unaota hata kwenye kivuli bila shida, na baada ya miaka chini yake miti ya asili haiji.

Tuliajiri vijana wakakata mikilifi yote iliyozidi unene wa mkono kwenye ekari tatu za mbele, shilingi 31,000. Ikaonekana kazi nzuri sana kwa wiki chache. Halafu kila kisiki kikatoa machipukizi, pale palipokuwa na mti mmoja sasa kuna kichaka cha mikilifi, na jua limeingia kwa hivyo na magugu yameingia. Kung'oa visiki ndo haiwezekani, mizizi imejikita kwenye nyufa za mwamba.

Tunafanya hivi sasa na inaenda. Miche midogo inang'olewa kwa mkono siku mbili tatu baada ya mvua, udongo ukiwa laini, inatoka na mzizi wote. Mikubwa hatuikati yote kwa mpigo, tunachukua mmoja hapa mmoja kule ili kivuli kisivunjike, na kisiki kinapitiwa kila mwezi kuvunjwa machipukizi mpaka kichoke. Mingine imechoka ndani ya mwaka, mingine bado inabishana. Matawi yanaenda kwa akina mama wa jirani kuwa kuni, na hii ilituondolea ugomvi mwingi, manake mwanzo walidhani tumekuja kuwafungia kuni. Magogo anachukua fundi wetu wa karakana. Wachongaji wa pwani wameshazoea mkilifi tangu muhuhu uadimike, kwa hivyo soko lipo, na alichouza kimerudisha zaidi ya nusu ya zile 31,000.

Aprili 2024: Kamera

Tulinunua kamera nne za mtego, 18,500 kila moja. Sababu ni mbili, kujua kama sange wapo kweli na wangapi wanapita, na kuwaonyesha wageni wa gesti na wa mkahawa ambao ndio wanaolipa yote haya bila kujua.

Awamu ya kwanza yote ilikuwa kazi bure. Vijana walizifunga mtini kwa kimo cha kifua cha mtu, vile picha za mtandaoni zinaonyesha kwa chui na wanyama wakubwa. Tukapata maelfu ya picha za majani yakipepea, betri zikaisha, kima mmoja akaja kuilamba lenzi. Sange ana uzito wa nusu kilo tu, anapita chini ya kila kitu. Tukashusha mpaka kimo cha goti, bado tukaona mgongo tu ukikatiza. Kilichofaa ni chini kabisa, kama shubiri moja na kidogo kutoka ardhini, kamera inatazama kijinjia kwa urefu wake na si kukikata, na majani yote yaliyo mbele ya lenzi yamefyekwa kwa mkasi. Mchwa wakaingia ndani ya moja tukaipoteza. Sasa tunapaka grisi kwenye kamba na kigingi.

Picha ya kwanza safi ilikuwa ya asubuhi, saa kumi na mbili na kitu. Sange amesimama mguu mmoja wa mbele juu, pua imezama kwenye majani, kile kiuno kinang'aa kama mtu alimpaka samli, na nyuma yake hatua moja yuko yule ndege mdogo wa rangi ya chungwa anayemfuata kuokota wadudu anaowafukua. Tulimpelekea mzee. Akaitazama kwa muda mrefu, akasema alipokuwa mtoto walikuwa wanawafukuza na mbwa, kisha akaomba iwekwe kwenye fremu sebuleni. Ipo mpaka leo.

Agosti 2024: Mitego na mbwa

Kuwinda Kenya kulipigwa marufuku mwaka 1977 na sheria ya wanyamapori ya 2013 inataja hata kuwinda kwa ajili ya kula nyumbani. Watu wanajua. Lakini njaa inajua zaidi, na tanzi la waya wa breki ya baiskeli halina gharama. Sange ana tabia ya kupita njia zilezile, kwa hivyo mwenye kutega akishaijua njia hana kazi nyingine. Kwenye kona ya Mida tulitoa tanzi nyingi, zingine zimeshakuwa na kutu.

Tuliajiri walinzi wawili wa kutoka nje ya kijiji, mtu alitushauri kwamba mgeni hatapendelea ndugu zake. Haikufaa. Hawakuvijua vijinjia, hawakuambiwa kitu na mtu, na watu waliona wameletewa askari kwenye ardhi yao. Walikaa muda mfupi tukaachana kwa wema. Tukachukua wawili wa hapohapo, mmoja wao alikuwa mtegaji hodari na kila mtu anamjua. 12,000 kila mmoja kwa mwezi, nusu siku. Sasa kila biashara inatoa 9,200 kwa mwezi ukijumlisha na kodi, hilo ndilo fungu letu halisi, ulihesabu kabla hujaanza. Huyu mtegaji wa zamani anatembea huku anaangalia kimo ambacho sisi hatuangalii, anakuonyesha jani moja limegeuzwa, anakwambia hapa pamewekwa jana. Tanzi zimepungua sana tangu aanze.

Mbwa ndo bado. Mbwa wa majumbani wanaingia usiku na alfajiri, na mbwa mmoja akizoea anamaliza zaidi ya tanzi kumi. Hatukutaka sumu, na ukiweka sumu unaua nyegere, fungo na kila kitu. Tulizunguka nyumba kwa nyumba tukaomba wafungwe usiku, na muuza maji wetu akaweka punguzo kwa boza kwa kaya zinazofunga. Imesaidia nyumba za karibu, za mbali hazijali.

Desemba 2024: Mkataba umesajiliwa

Mirathi ilithibitishwa, majina ya warithi yakaingia kwenye taito, bodi ya ardhi ikatoa kibali, wake wa warithi wakatia sahihi zao, ushuru wa stempu ukalipwa na mkataba wa miaka 15 ukasajiliwa. Ofisi moja faili letu lilipotea likapatikana likapotea tena, nenda na nakala zako zote zimepigwa muhuri. Mkataba wowote wa ardhi unaozidi miaka miwili usajili, usiposajili mwenye kununua kesho hana habari na wewe.

Ndani ya mkataba tuliandika kwa lugha ya kawaida: hakuna kuchimba mawe, hakuna mkaa, hakuna kujenga, dawa za miti na matambiko ya familia yanaendelea, makaburi mawili yaliyoko ndani ni ya familia na njia ya kwenda haifungwi. Ile sheria ya wanyamapori ya 2013 inamruhusu mwenye ardhi kuisajili kuwa hifadhi, peke yake au pamoja na wenzake. Hilo tumeliweka hatua ya mbele, warithi wanataka kwanza waone mwaka mmoja umekwisha salama, na mimi naona wako sawa.

Machi 2025: Mizinga ya nyuki

Mizinga sita, 4,500 mmoja. Nyuki waliingia minne. Nyegere akavunja miwili kwa usiku mmoja. Tukaitundika kwa waya baina ya miti, mbali na shina, hajafika tena. Asali ya kwanza iliuzwa yote mkahawani. Usiweke mizinga karibu na njia ya wageni, ilibidi tuihamishe.

Julai 2025: Majani makavu

Hili nalisema kwa uchungu kidogo manake lingetuharibia kazi yote, na lilitoka kwa watu wanaotutakia mema.

Tulifungua njia ya kutembea wageni, 500 kwa mtu, robo ya wanaolala gesti wanakwenda na watu wa mkahawa wanakuja wikendi. Mmoja wa washirika wetu akalipa vibarua kusafisha, na watu wa pwani tukiambiwa safisha tunasafisha. Walifagia njia na kando ya njia hatua kumi kila upande, majani yote yakakusanywa yakachomwa, vichaka vya chini vikafyekwa ili mgeni aone mbali. Pakapendeza kama ua wa nyumba. Kamera mbili za upande huo hazikupiga sange tena.

Sange anakula kilichomo kwenye majani, siafu, mende, nyungunyungu, buibui. Anafukua na ile pua siku nzima. Na analala kwenye majani. Kiota chake ni kishimo kifupi alichokikwangua, kimetandikwa majani na kufunikwa majani juu, upana wake kama mita moja, ukipita karibu unaona rundo tu la majani kama marundo mengine. Anakijenga alfajiri majani yakiwa na umande ili yasimpigie kelele. Na hana kimoja, anavyo kadhaa, analala leo hapa kesho pale asizoeleke. Mtafiti Galen Rathbun alikaa Gede miaka ya 1970 akiwachunguza, na mengi tunayoyajua juu ya maisha yao yameanzia kwenye kazi yake. Sasa mtu akija na fagio na kiberiti ameondoa chakula na nyumba kwa asubuhi moja, na hakuna mti hata mmoja ulioguswa. Kwa macho ya mtu msitu upo. Kwa sange umeisha.

Tulirudisha hivi. Majani ya gesti, ya mkahawa na ya shule moja jirani, yale yaliyokuwa yanachomwa kila jioni, tukayabeba kwa tuktuk tukayatandaza kwenye ile sehemu. Tulichagua yasiyo ya mkilifi wala mvinje, mengi ni ya mwembe na mkorosho. Fito zilizofyekwa zikalazwa hapohapo zioze. Njia tukaipunguza iwe ya mtu mmoja nyuma ya mwingine, bila kufagiwa. Na vibarua wote sasa wanaelezwa kwanza, tena mbele ya kiota cha zamani, waone kwa macho, manake ukimwambia mtu usifagie bila kumwonyesha anakuona mvivu. Wageni wakiuliza mbona pachafu tunawaambia hao mnaotaka kuwaona wanaishi ndani ya hizo takataka.

Mwezi wa tisa kamera moja ilimpiga tena, nyingine bado.

Wageni wengine wanakuja wanataka bundi mdogo wa Sokoke au yule kwera wa Clarke. Tunawaambia ukweli kwamba kwetu hawapo, yule bundi na kwera wanahitaji misitu ya aina nyingine, nendeni Arabuko na mtafute kiongozi wa huko, naye ale. Kwetu baina ya Aprili na Oktoba mna nafasi ya kumuona yule ndege wa chini mwenye madoa kifuani anayekuja kutoka kusini, Geokichla guttata, naye pia yuko hatarini na naye anataka majani makavu vilevile.

Oktoba 2025: Ekari 22 hazitoshi

Jozi moja ya sange inashika eneo lake la kama ekari nne, kila mmoja anawafukuza humo wa jinsia yake, na wanazaa mtoto mmoja mmoja. Piga hesabu, kichaka chetu chote kikiwa kizuri kila pembe kinabeba jozi tano, labda sita. Hiyo ni familia ndogo mno kujikimu yenyewe. Mwaka mmoja mbaya wa moto au mbwa na imekwisha, na sange si wa kuvuka uwanja mweupe wala lami kutafuta pa kwenda.

Kwa hivyo kazi ya sasa ni jirani wa kaskazini mwenye ekari tisa za kichaka na upande wake mmoja umeshauzwa ploti. Baina yetu na yeye kuna shamba la mihogo lenye upana wa kama mita 60. Mwenye mihogo amekubali kuacha ukanda wa hatua 15 ujiotee wenyewe, tunamlipa 1,500 kwa mwezi. Tumepanda miche ya miti ya asili kutoka kitalu cha akina mama, 50 kwa mche, mingi ilikauka Januari manake tulipanda mwisho wa vuli. Iliyopandwa Mei na masika imeshika. Vichaka vya chini vimejiotea vyenyewe na ndivyo vinavyotufaa zaidi, vinatupa giza na majani kabla miti haijawa miti.

Kuna wanaoweza kununua kabisa, kama mashirika ya uhifadhi ya A Rocha Kenya na Nature Kenya yanavyonunua ardhi kule Dakatcha ili ibaki msitu, na kwa pahali pakubwa naona hiyo ndio dawa. Sisi hatuna hizo pesa. Tuna 9,200 kila mmoja, na biashara ya sita imeomba kuingia, duka la dawa la Watamu, tukikubaliana fungu la jirani litapatikana hapo bila kuongeza la wengine. Jirani mwenyewe ana taito ya jina lake, nimeshaiona. Dada zake wawili tunakwenda kuwaona Jumamosi kabla ya kuzungumza bei.